Jicho la Mwenye Kaya

Siku ya kuchambua mchele wa harusi ya mwanangu walikuja watu wanne, na mmoja wao alikuwa amekosea nyumba. Alivua viatu, akaketi mkekani, akachambua ungo mzima, ndipo akaniuliza Mwanakheri yuko wapi mbona hamwoni. Nikamwambia Mwanakheri anakaa ng'ambo ya barabara, mlango wa kijani. Akasema loo, samahani shoga, akabeba ungo wake akaenda. Tukabaki na watatu, na wawili katika hao ni dada zangu wa tumbo moja. Ndugu hahesabiwi, ndugu analazimika.

Magunia mawili yalikuwa yamekaa uani yananitazama.

Kwetu Ngamiani mchele wa harusi hauchambuliwi na mashine. Mashine zipo. Siku hizi mlango unamjua mtu kwa mwendo wake na sufuria inajipunguzia moto yenyewe, itashindwaje kutoa mawe na chuya? Ninayo moja humu ndani, nimeitengeneza kwa mikono yangu. Lakini mchele wa mashine ni mchele wa mtu asiye na watu. Wa harusi huchambuliwa na majirani, kila mwanamke na ungo wake, umbea juu, chai katikati, na anayepita njiani akisikia kicheko anajua nyumba hii ina wenyewe. Na saa saba mchana wakwe zangu wa Pangani walikuwa wanakuja kuleta begi la bibi harusi. Mkwe mwanamke akifika kwa watu jambo la kwanza ni kutazama viatu mlangoni. Akikuta jozi tatu, mwanangu Tausi ataolewa kesho kama mtu aliyeokotwa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Na kwa Mwanakheri? Nilihesabu kutoka dirishani. Jozi thelathini na moja. Hapakuwa na harusi pale, hapakuwa na hitima, hapakuwa na mtoto aliyezaliwa. Mwanakheri alikuwa amepika chai tu.

Mimi na yeye tulitobolewa masikio siku moja, kwa sindano moja. Miaka yote nyumba iliyokuwa ikijaa ni hii yangu. Mimi ndiye fundi wa mfumo wa barabara nzima, na kwa fundi hakukosekani mtu: huyu mlango wake umemkataa, yule ukuta wake hauonyeshi picha, wa tatu kaja kusikiliza ya wawili hao. Nilikuwa sijui chai ya kikombe kimoja inapikwaje. Halafu tangu mwaka jana wakaanza kuhamia ng'ambo, mmoja mmoja, kama sisimizi waliosikia habari za sukari. Nikawa nakaa dirishani nyuma ya chungu changu cha mrehani, namtazama anavyowapokea. Kicheko chake kile cha kuegemea ukuta. Nilitafuta alichonizidi. Mapishi? Maandazi yake yanaweza kuvunja kioo. Sura tumegawana. Sikukaa dirishani siku moja wala wiki. Kijicho kina uhondo wake, asikudanganye mtu; ulikuwa ukinijia hata nikisinzia, nafungua jicho kwanza pale, ndipo nakumbuka jina langu.

Mchele ule nilimtangazia kila mtu wa mtaa, nyumba kwa nyumba, kupitia kuta zao. Mwanakheri peke yake sikumwambia.

*

Saa nne kasoro bangili yangu ikatetema. Bi Mchanga, somo yangu, aliyenifunda mimi na nusu ya wanawake wa mtaa huu, alikuwa ananiita: ukuta wake umeganda. Nikaenda mbio, na kwa kweli sikwenda kwa ajili ya ukuta. Nilitaka nimuulize kwa nini hakuja.

Nilimkuta ameketi na ungo mapajani, ungo mtupu, macho yake ukutani. Picha ilikuwa ya mlango wa kijani, umefungwa.

"Tangu muda ule unaonyesha mlango tu," akalalamika. "Watu hawatoki."

Nikamwambia ukuta haukuganda, ni mlango ndio umefungwa. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwani anatazama nyumba ya Mwanakheri kila siku?

"Si ndiyo inayoletwa? Asubuhi hii, jioni hii. Kwa Mama Saumu nako hiyo hiyo. Sijui ana nini mtoto yule, lakini kitu ukikitazama kutwa, mwisho miguu inakwenda yenyewe." Akaushika ungo wake. "Hata leo nimesimama niende kwako, nikajikuta nimeketi tena."

Nikausogelea ukuta ili niuzime. Ndipo nikaliona jani.

Pembeni mwa picha, chini kushoto, kulikuwa na jani la mrehani limechungulia, na juu yake mstari mwembamba kama unywele. Mstari ule naujua. Ni ufa wa kioo cha dirisha langu, niliuziba kwa gundi mwenyewe msimu wa mvua.

Nilikaa chini kwenye kigoda cha Bi Mchanga.

Hapa lazima nieleze kazi yangu, maana kosa limo humo. Nyumba ya siku hizi haiendi bila mfumo. Mfumo ndio unaowasha taa, unaofungua mlango, unaopeleka salamu, na ndio unaochagua kitakachotokea ukutani. Mtaani kwetu kuna miwili. Kobe ni wa zamani: ukiuambia washa, unawasha, ukiuambia funga, unafunga, haukuonyeshi cha mtu wala haumwonyeshi mtu chako. Tandaa ni mpya, na ni wa bure. Unaleta kuta zenye picha za wenzako, unapigiwa vigelegele ukionyesha nguo mpya, na kwa malipo yake unataka kitu kimoja, kila kaya isajiliwe kwa dole gumba la mwenye kaya, ofisini, kwa foleni.

Foleni ile hakuna aliyeitaka. Miaka sita iliyopita wakaja kwangu mmoja mmoja: Siwema, niweke kwako tu. Kwako si kwetu? Nikaona kweli, sisi ni watu wamoja. Nikawaweka. Leo ukiniuliza mtaa wetu una nyumba ngapi nitakwambia arobaini na mbili. Tandaa ukiuuliza utakwambia moja: kaya ya Siwema Kombo, watu mia mbili na sita. Aliyekataa ni Mwanakheri peke yake, akabaki na Kobe wake, tukamcheka.

Sasa, Tandaa hufuata jicho la mwenye kaya. Waliouunda waliona kwamba mama ndiye anayejua kinachowafaa wanawe. Anachokipenda mama ndicho wanachoonyeshwa watoto. Na unajuaje kuwa mama amekipenda? Bangili inapima moyo, dirisha linapima jicho. Jicho lisipobanduka na moyo ukienda mbio, huko ndiko kupenda.

Haukufundishwa kwamba kuna kingine chenye dalili hizo hizo.

*

Tausi alikuwa chumbani amenyoosha mikono, hina mbichi hadi viwikoni. Nilifungua boksi la mfumo jikoni, nikaita kumbukumbu za mwenye kaya, naye akaja kusimama nyuma yangu akasoma kabla sijaziba. Mwenye kaya anapenda: mlango wa kijani. Saa elfu moja mia tatu na arobaini.

"Mama, hizi saa ni zako?"

Nikasema ni hitilafu ya mashine. Tausi hakubishana, ana ile tabia ya baba yake ya kunyamaza mpaka uongo uone haya wenyewe. Nikamweleza. Nyumba ya Mwanakheri niliijaza mimi. Wa kwanza huenda walijiendea tu, lakini kila nilipoumia dirishani, Tandaa ulichukua kile nilichokiona ukawagawia watu mia mbili na sita, ukawaambia mama yenu amependa. Nao wakaenda. Kadiri walivyokwenda ndivyo nilivyoumia, na kadiri nilivyoumia ndivyo walivyopelekwa.

Alicheka kwanza. Kisha akatazama saa ya ukutani.

Ndani ya boksi kulikuwa na amri ambayo fundi haruhusiwi kumgusia mteja. Inaitwa Geuza Jicho. Mwenye kaya anaonyesha nyumba asiyoitaka na nyumba anayoitaka, Tandaa unafanya uliobaki. Sijawahi kuitumia. Kidole changu kilikuwa juu yake.

"Wakija kwa kusukumwa, Mama, watakuwa wamekuja?"

"Mkweo atahesabu viatu," nikamjibu. "Hatavihoji vimesukumwa na nani."

Alinitazama, mikono yake imening'inia mbele kama ya mtu aliyebeba mtoto asiyeonekana. Hakuniambia nibonyeze na hakuniambia niache. Harusi ni yake. Naye alitaka watu. Nikabonyeza.

*

Haikufika nusu saa. Kwanza mlango wa kijani ulifunguka wakatoka wawili, halafu watano, halafu wakawa wanatoka kwa mkumbo kama wanafunzi waliofunguliwa, wanavuka barabara viatu mkononi. Uani kwangu pakajaa. Mikeka haikutosha, nikatandika mashuka. Nyungo zikaanza kupepeta, chuya zikaruka, mtu akapiga kigelegele, mwingine akadai tangawizi kwenye chai. Bi Mchanga alipewa kigoda, na Mama Saumu akaketi kwenye kizingiti kwa kuwa nafasi nyingine hakuna. Nilisimama katikati ya kelele ile na birika mkononi, nikahisi mifupa yangu inarudi mahali pake. Hii ndiyo nyumba yangu. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikasikia wanachokicheka.

Mtu hamwachi shoga yake bure. Lazima apewe sababu. Tandaa ulikwenda kuitafuta kwenye dirisha langu, ndani ya miaka sita ya picha, ukaipata. Ilikuwa Ijumaa moja, saa ya swala, barabara haina mtu. Mume wa Mwanakheri alikuwa anahama, vitu vyake kwenye mkokoteni, na godoro juu. Mwanakheri anatoka mlangoni miguu mitupu, analikamata godoro, anaburutwa nalo. Khanga inamdondoka. Haiokoti. Anaendelea kulivuta godoro, akiwa na gauni la ndani tu, mpaka kona.

Sasa ilikuwa inacheza juu ya kila ukuta wa mtaa, na wa kwangu, imewekewa ngoma. Vigelegele mia na tisini. Mmoja wa wageni wangu, simtaji, alilikumbatia gunia la mchele akalivuta mkekani akilia usiniache usiniache, na wenzake wakaangukiana kwa kicheko.

Nitasema kweli. Kwa muda wa kumeza mate, nilifurahi. Kicheko kile kilikuwa kitamu. Nilimwona Mwanakheri yule wa kuegemea ukuta amekwisha, na ndani yangu kitu kikasema, haya.

Halafu nikakumbuka ni nani aliyekuwa upande wa pili wa kioo siku ile. Nilitoka mimi mbio, nikaiokota khanga, nikamfunika, nikamwingiza humu ndani nikampa maji. Alikunywa kikombe chote. Aliniuliza kama kuna mtu ameona. Nikamwambia hakuna. Hata mimi, nikasema, sikuona kitu. Kwa miaka minne neno lile nililitunza. Ulimi huu unaomwaga ya kila mtu haukumwaga lile. Kumbe dirisha lilikuwa linaona kwa niaba yangu.

Nikaenda jikoni. Tausi alinifuata, na safari hii alisema.

"Wakwe wamepita Muheza, Mama. Wamebakiza nusu saa."

"Najua."

Kuizima picha ile peke yake isingesaidia. Jicho lilikuwa langu bado na kesho lingetafuta pa kuumia. Kulikuwa na amri moja ya kumaliza, Gawanya Kaya. Nikaiita. Tandaa ukaniuliza kwa ile sauti yake ya adabu: kaya ikigawanywa, kila nyumba itaarifiwa jina la aliyekuwa mwenye kaya, pamoja na alichokitazama na kwa saa ngapi. Niendelee?

Mle uani walikuwa wameanza wimbo. Wanawake zaidi ya thelathini, nyumbani kwangu, siku ya mwanangu. Nilijua nikibonyeza naupoteza mtaa, na kazi yangu pamoja nao, maana nani atamwita tena fundi wa namna hii? Nisipobonyeza nitakuwa na nyumba iliyojaa mpaka kufa kwangu, na kila mara nikimkasirikia mtu, mtu huyo ataburutwa na godoro.

Nikafuta miaka sita ya dirisha. Kisha nikabonyeza.

Kuta zikawa nyeusi. Wimbo ukakatika. Bangili zote zikatetema kwa pamoja, sauti kama nzi kwenye chupa, na kila mwanamke akainua mkono kusoma: Ulikuwa katika kaya ya Siwema Kombo. Sasa una kaya yako. Chagua mfumo: Tandaa au Kobe. Na chini yake, saa zangu.

Nilitoka nikasimama mbele yao, nikawaambia yote. Sikupamba.

Mama Saumu ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alikung'uta chuya kwenye khanga yake, taratibu, punje kwa punje.

"Kumbe miaka sita tunalala na kugombana na waume zetu ndani ya nyumba yako," akasema. "Na ulichokiona cha maana ni mlango wa Mwanakheri."

Sijui kipi kilimuuma zaidi. Akavaa viatu. Wengine wakafuata, hakuna aliyetukana, na bora wangetukana. Walibaki dada zangu na wanawake watano. Bi Mchanga naye hakujisogeza.

"Mimi nywila yangu ulinichagulia wewe," akasema, "jina la mume wangu wa kwanza, nisije nikalisahau. Siri gani tena tumebakiza? Nipe vitunguu saumu, mchele macho yangu hayauwezi."

*

Barabara ile ina hatua kumi na nane. Nilipiga hodi, jambo ambalo kwa Mwanakheri sijawahi kulifanya tangu utoto.

Alikuwa uani peke yake, amezungukwa na vikombe. Chai ilikuwa imeota utando. Hakuwa ameona kitu, Kobe haonyeshi. Alichojua ni kwamba watu walitazama bangili zao, wakamtazama yeye, wakaondoka bila kuaga. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Mlango, mrehani, jicho. Nilipofika kwenye godoro alishika ukingo wa meza.

"Uliniambia hukuona kitu."

"Dirisha liliona. Nililiacha liendelee kuona."

"Na leo umewaonyesha."

"Nilitaka waje kwangu. Sikujua watapitishwa wapi, lakini nilibonyeza."

Alimwaga chini chai ya kikombe kimoja. Kisha akauliza kitu nisichokitarajia: nilikuwa namwonea kijicho cha nini? Nikamwonyesha vile vikombe.

"Hivi?" Sauti yake ilipanda kidogo. "Siwema, hawa watu mwaka mzima wamekuwa wakija kunikalia hapa, sijui wamefuata nini, nao hawajui. Wanakunywa chai wananitazama kama ukuta. Nilikuwa natazama kwako palivyotulia nasema, mwenzangu amepumzika."

Ndipo nikauona ungo. Ulikuwa mezani, umeoshwa, umekauka, na juu yake khanga mpya imekunjwa.

"Umewekwa tangu Jumatatu," akasema, akifuata macho yangu. "Nilikuwa nangoja uniite kwa mdomo wako."

Nikamwita. Nilisema kama wanavyosema watu wazima, kwa jina lake na la mama yake, kwamba mwanao anaolewa na mchele hauna mikono. Alinipita akachukua ungo.

"Nakuja kwa Tausi," akasema. "Wewe bado."

Wakwe walifika tukiwa tumevuka barabara. Mkwe mwanamke, mrefu, mwenye miwani, alitazama viatu mlangoni. Niliona midomo yake inahesabu, ikawahi kufika mwisho. Akatazama uani: wanawake wanane, na gunia zima halijafunguliwa. Akaniuliza watu wangu wako wapi.

"Waliobaki ndio hawa."

Tausi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, hina imekauka, shingo imenyooka. Mkwe akamtazama yeye, akayatazama magunia. "Mchele huu kwa mikono hii tutaula mwakani," akasema. Akavua viatu, akauliza kama kuna ungo wa akiba.

Tulichambua mpaka alasiri. Hakukuwa na picha, watu walilazimika kusema. Mwanakheri hakunielekezea neno, lakini mkwe alipomuuliza habari za maandazi ya Tanga, alianza kusimulia lile andazi lake lililovunja jino la mpangaji, na kabla hajafika katikati wanawake wote walikuwa wamekwisha kusogeza mikeka upande wake, hata Bi Mchanga, hata dada zangu. Aliegemea ukuta wangu akacheka kicheko chake kile.

Kijicho kikaniuma palepale pa siku zote. Moyo ukaenda mbio, jicho likakataa kubanduka. Bangili yangu nilikuwa nimeivua, iko jikoni juu ya mtungi. Hakuna aliyejua, hakuna aliyesukumwa. Nikainama, nikaendelea kutoa chuya.